Jiwe la Mpishi wa Kikosi

Kaka yangu alikufa mara moja tu, lakini mwenyekiti wa mtaa amemuua tena kila mwaka kwenye hotuba zake kwa miaka mitano, na kila mwaka kaka anaondoka na maadui wengi zaidi.

Mwaka wa kwanza aliua watatu. Mwaka jana wakafika arobaini, na mmoja wao eti alimmaliza kwa meno.

Sasa sikieni ukweli.

Kaka alikuwa mpishi wa kikosi. Bunduki alipewa, akaitundika jikoni kando ya miiko. Aliuawa akiwapelekea wenzake maji mstari wa mbele.

Mimi ni fundi wa kuchonga mawe ya makaburi. Mwenyekiti alipotangaza kwamba mtaa utamwekea kaka jiwe la kumbukumbu, nikasema nitalichonga mwenyewe, kwa mkono, bila mashine. Ni ndugu yangu.

Akaniletea maneno kwenye karatasi: simba wa vita, aliyeangusha arobaini. Chini yake, jina la mwenyekiti, kwa herufi kubwa kuliko za marehemu.

Nikamsomea mama. Alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Mwanangu, huyo simba akitajwa, mimi hujiuliza ni mtoto wa nani. Wa kwangu alikuwa akiungua kidole, anakuja kunililia. Nirudishie."

Nikaamua kumrudishia.

Bahati nzuri, mwenyekiti wetu husoma karatasi kuanzia chini, lilipo jina lake, na huishia hapohapo. Nikabadilisha maneno yote ya juu, jina lake nikaliacha palepale, limenona. Akalitazama, akatabasamu, akagonga muhuri.

Siku yenyewe, wakubwa walikaa viti vya mbele. Mama akawekwa nyuma ya spika za muziki.

Mwenyekiti alihutubia saa nzima. Maadui wakafika sitini. Kisha akavuta kitambaa, na umati mzima ukapigia makofi maneno ambayo hakuna aliyeyasoma.

Isipokuwa mwanamume mmoja wa magongo, mgeni kwetu sote. Alijikongoja hadi kwenye jiwe, akasoma kwa sauti:

"Alikuwa mpishi. Hakumpiga mtu risasi. Alikufa akiwapelekea wenzake maji."

Nikajua kimenuka.

Yule bwana akauliza mama wa marehemu ni nani. Akaonyeshwa nyuma ya spika.

"Mama, maji yalinifikia. Alikuwa anarudi kuchukua mengine."

Mama akainuka, akamshika uso kwa mikono miwili, kama anayempima mtoto homa. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya.

Mwenyekiti akanyakua maikrofoni, akatufahamisha kwamba huko ndiko hasa hotuba yake ilikokuwa ikielekea.

Wiki iliyofuata akaja karakana peke yake, akafunga mlango. Alitaka jiwe lake lichongwe mapema, angali hai, na liwaguse watu kama la kaka.

"Sawa, mzee. Niandike ulifanya nini?"

Akatazama dari. Akatazama viatu vyake.

"Ngoja nikaulize kamati."

Huu ni mwezi wa nne. Kamati bado inakaa. Jiwe limeegemea ukuta, halina hata herufi.

Ninachowaachia ni hiki: marehemu wako mkumbuke alivyokuwa, hata kama alishika mwiko. Na wewe unayepumua, fanya basi jambo moja la kujaza mstari mmoja. Sisi mafundi tunachonga, hatutungi.