Mtihani wa Saa Tatu wa Balozi

Binti wa kaka yangu tulimwita Balozi tangu alipotangaza kwamba chuoni atasoma uhusiano wa kimataifa, na juu yake Kifaransa na Kiitaliano. Baba yake akauliza, "Lugha mbili za nini? Mdomo si mmoja?" Aliishi kwangu. Alibandika vitenzi kwenye mlango wa jiko, akawa anamenya viazi huku akivisalimia kwa Kifaransa.

Mimi nauza cherehani zilizotumika. Shule yangu ni sokoni, na huko nilifunzwa jambo moja: anayeinuka kwanza kwenye mazungumzo ya bei ndiye anayeumia.

Asubuhi moja, Mtaliano aliyekuwa akifunga kiwanda chake cha mashati alikubali tuzungumze bei ya cherehani zake. Balozi alikuwa na mtihani wa kuongea Kiitaliano saa tatu, kona mbili tu kutoka dukani. Akiukosa, nafasi yake ya kusoma mwaka mzima ng'ambo imekwenda.

"Nusu saa tu, shangazi," akasema, akikubali kunitafsiria.

Akaegemeza simu yake kwenye cherehani, Mtaliano akatokea kiooni. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya Balozi. Mimi nilikuwa naitazama.

"Mwambie mashine zake kuukuu, hata bure ni ghali!"

Balozi akasema maneno marefu, ya upole. Mtaliano akacheka.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unazipenda ila unaogopa."

"Wewe! Nani kakutuma useme nazipenda?"

Lakini bei ikaanza kushuka.

"Shangazi, saa ngapi?"

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

"Bado mapema," nikasema. "Muulize habari za sindano."

Alipofika chuoni, saa tatu na nusu, jina lake lilishakatwa.

Hakunilaumu. "Kosa langu, ningeangalia simu." Afadhali angenitukana.

Siku ya tatu nikamwendea mwalimu wake. Nikaanza na kisingizio cha foleni barabarani, nikaingiza na cha mgonjwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama, mtihani hurudiwa ikiwa mwenye kosa ataandika barua ya ilivyokuwa, na mwanafunzi atie sahihi chini yake."

"Lazima aisome?"

"Atasainije asichokisoma?"

"Basi nikueleze kwa mdomo, yaishe."

"Kwa kalamu, mama."

Maisha yangu yote sijamtajia mteja kasoro ya mashine kabla hajaigundua mwenyewe. Niliandika mistari minne, mkono mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Balozi aliisoma amesimama kwenye korido. Akarudi mstari wa kwanza, akaisoma tena.

"Uliiona saa."

"Niliiona."

"Na mashine ulizipata?"

"Nilizipata."

"Hongera, shangazi."

Akaikandamiza karatasi ukutani kwa kiganja, akatia sahihi, akaingia kwa mwalimu.

Mtihani alirudia, akafaulu, na safari ipo. Nyumbani ananisalimia kama kawaida. Ila barua za yule Mtaliano zinarundikana dukani, na sina uso wa kumwomba Balozi anisomee hata moja.