Maneno Tuliyoogopa Kuyaimba

Padri wetu alianguka sakristia akiwa ameshavaa alba, Misa ya asubuhi bado haijaanza. Sisi wanakwaya tulikuwa tumesimama na wimbo wa mwanzo mkononi, tunasubiri kengele. Kengele haikulia. Akatoka katekista, uso umembadilika, akaita wanaume wenye nguvu. Tukasikia gari linawashwa nje. Watu wakabaki wanaangaliana, mpaka mama mmoja akaanza Rozari, na sisi tukaifuata.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu, na mdomo ukavutika pembeni. Siku ile ile paroko msaidizi, kijana ambaye hana hata miaka mingi ya upadri, alimpa Mpako wa Wagonjwa. Mikono alimpaka mafuta kwa nje, siyo kiganjani kama nilivyozoea kuona kwa wagonjwa wengine. Nilipomuuliza alisema viganja vya padri vilishapakwa siku ya upadirisho wake, havipakwi tena. Nilivitazama vile viganja, kimoja kimekunjika kama jani lililokauka, nikatoka nje kulia.

Padri hana mke wala mtoto, na ndugu zake wa damu wako ng'ambo ya ziwa huko Kagera, wazee wenzake. Kwa hiyo jumuiya yetu ya Igoma ikagawana zamu. Wanaume wakawa wanamwogesha na kumgeuza, sisi akina mama tukawa wa chakula na wa kusali. Siku ya kwanza muuguzi alitukuta tumejaa kwenye ngazi za hospitali na vyombo vyetu.

"Nyie ni nani wa mgonjwa?"

"Watoto wake," akajibu Mama Mwenyekiti wa jumuiya, bila hata kupepesa.

"Wote?"

"Wote. Wengine wako getini wamezuiwa."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, watoto wa Padri. Waingie wawili, wenye adabu. Wewe uliyejibu ubaki nje."

Daktari alituelezea kwa upole. Padri anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Neno analijua, ila njia ya kulitoa imeziba. Limebaki neno moja tu linalopita, nalo ni "sasa". Ukimuuliza anataka maji, anasema sasa. Ukimuuliza kama maumivu yamepungua, sasa. Akichoka na maswali yetu analisema mara mbili kwa hasira, "Sasa, sasa!", kisha anafumba macho, na chozi linatoka upande ule mzima.

Mama Mwenyekiti, Msukuma wa kwelikweli, ndiye aliyekuwa anajua kumchekesha. Anafungua hotipoti anamwambia, "Baba Paroko, leo hakuna ndizi zenu za Bukoba. Leo nimekupondea michembe ya viazi ili ubatizwe upya uwe Msukuma." Padri alikuwa anatingisha kichwa kukataa, halafu anafungua mdomo kama mtoto, anakula. Chakula kilikuwa kinarudi pembeni ya mdomo, tunafuta, tunaendelea.

Nyuma ya yote hayo kulikuwa na jambo moja, na kila mtu alilijua. Askofu alikuja kumwona, akakaa naye muda mrefu mlango umefungwa. Alipotoka alituambia kwamba Padri akipata nguvu ya kuadhimisha Misa, hata akiwa amekaa, atarudi parokiani kwake. Asipoweza, atapelekwa kwenye nyumba ya mapadri wazee, upande wa Pasiansi, apumzike. Alisema "apumzike" kwa wema kabisa. Lakini mimi nilimwona Padri alivyolipokea neno lile. Aligeuza uso akaangalia dirishani, kule mawe yanakoshuka hadi ziwani, na hakutugeukia tena hadi saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Nikaanza novena. Sikuomba kwa kuzungukazunguka. Nilimwambia Mungu: mrudishe altareni. Sitaki kingine.

Mtu anaweza kuuliza mimi ni nani wa kumng'ang'ania hivyo. Mimi kusoma nimejulia ukubwani, nikiwa na watoto tayari, kwenye darasa la jioni alilolianzisha yeye nyuma ya kanisa. Tulikuwa tunatoka kwenye magenge na vibanda, tumechoka, tunasinzia kwenye mabenchi. Aliona hivyo, akawa anatufundisha silabi kwa kuziimba, kwa sauti ile ile ya Misa. Ba, be, bi, bo, bu, anapandisha, anashusha, sisi tunaitikia. Wapita njia walidhani ni ibada. Kitabu cha kwanza nilichokisoma mwenyewe kilikuwa cha Misa, na nilikisoma taratibu kwa miezi, kidole kikifuata mstari. Mume wangu alipofariki, ni Padri huyu aliyekaa nyumbani kwangu kwenye mkeka na watu wengine, bila kusema mengi.

Jioni moja wodini tulimaliza Rozari, tukasema tufunge kwa Baba Yetu ya kuimba, kwa sauti ya chini ili tusisumbue vitanda vingine. Tulipofika mstari wa pili nikasikia sauti ya kiume chini yetu. Nilidhani ni mzee wa kitanda cha jirani. Ilikuwa ni Padri. Macho ameyafumba, maneno yanatoka moja baada ya jingine, mazima, hakuna lililovunjika. Sisi tukanyamaza kwa mshtuko, yeye akaendelea peke yake mpaka mwisho.

Mama Mwenyekiti alikaa chini sakafuni. "Baba," akasema, "hebu sema tena. Sema tu, bila kuimba."

Padri akajaribu. Midomo ikahangaika. "Sasa," akasema. "Sasa."

Daktari hakushangaa sana. Alisema kuimba kunapita njia nyingine kichwani, na maneno yaliyokaa ndani ya wimbo kwa miaka mingi yanaweza kutoka na wimbo wake. Akasema tuimbe naye, ni mazoezi mazuri, ila tusitegemee makubwa. Hayo ya mwisho hatukuyasikia. Tulichosikia ni kwamba Padri anaweza kuimba Misa.

Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa niko kwaya na ninaweza kusoma kitabu. Kila alasiri nilikuwa namwachia binti yangu genge, nashuka mjini na kitabu chini ya kitenge. Tukaanza na salamu ya kuwaamkia waamini. Tukaja kwenye Inueni mioyo. Utangulizi ulitusumbua kwa sababu ni mrefu, anapotea katikati, lakini nikimtangulia sauti mbili tatu anashika na kwenda. Nilikuwa namwimbia kama alivyotuimbia sisi silabi, napandisha na kushusha kwa mkono, na siku moja aliutazama mkono wangu akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Alijua ameuona wapi.

Baada ya wimbo wa Mtakatifu, kwenye kitabu, yanakuja maneno ya mageuzo, yale ya kugeuza mkate na divai kuwa Mwili na Damu. Yamechapwa kwa herufi kubwa. Hapo mimi nilifunga kitabu.

Siyo kwamba nilisahau. Tulikuwa tumekaa kikao cha jumuiya juu ya jambo hilo. Mama Mwenyekiti alisema, "Hayo siyo ya kwetu. Wanawake tuyaimbe maneno hayo wodini, na beseni liko chini ya kitanda?" Wote tukaguna kukubali. Katekista naye akakubali, akasema maneno yale ni ya mtu aliyepadirishwa, na akishafika pale neema itamchukua. Tuliona tumeheshimu. Na Padri mwenyewe, miaka yote, sehemu ile hakuwahi kuiimba. Aliisema, pole pole, kwa sauti ya chini ambayo ilikufanya uache hata kukohoa. Hakukuwa na tuni ambayo mtu angeweza kumshikia.

Siku nilipofunga kitabu, aliweka kidole chake cha kushoto juu ya jalada, akakiacha pale. Nikamwambia, "Hapo utaendelea mwenyewe, Baba. Sisi tutapiga magoti." Aliniangalia muda. Kisha akaondoa kidole.

Misa ilipangwa kwenye kikanisa cha hospitali. Paroko msaidizi angekuwa pembeni yake kumsaidia kurasa na kikombe. Walimleta kwa kiti cha magurudumu, amenyolewa vizuri, kasula imelala begani upande ule usio na nguvu ikawa inateleza, na paroko msaidizi anairudisha. Tulijaa mpaka nje. Yule muuguzi wa siku ya kwanza alisimama mlangoni, na hata siyo wa dini yetu.

Akaimba salamu, tukaitikia, na kikanisa kikatetemeka. Masomo na Injili alisoma paroko msaidizi. Tukafika Inueni mioyo, akaiimba safi kabisa. Utangulizi akaupita wote, hakupotea hata mahali pamoja, nami nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio nisije nikamtangulia. Mama Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Tukaimba Mtakatifu. Tukapiga magoti.

Kukawa kimya.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkate. Midomo ikafunguka. "Sasa," akasema.

Paroko msaidizi hakusogea. Nadhani alitaka kumpa nafasi. Padri akavuta pumzi, akajaribu kushika tuni ya Utangulizi ili ambebe, lakini tuni ilipokuja ilikuja na maneno yake yenyewe. Akaimba mstari wa kwanza wa Utangulizi upya. Akajisikia, akakatisha. Akajaribu tena, yakaja yale yale.

Kila mtu mle ndani aliyajua maneno yanayotakiwa. Tumeyasikia tangu utotoni, kila Jumapili. Yalikuwa mdomoni mwangu yote, ya mkate na ya kikombe, kwa mpangilio. Na hakuna mmoja wetu aliyekuwa na ruhusa ya kumpa hata neno la kwanza. Tulipiga magoti pale, kanisa zima, tukiwa tumejaa maneno, tunamtazama mzee wetu anayatafuta. Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia mtu nyuma yangu anasema kwa kunong'ona, "Jamani, jamani."

Mwisho Padri mwenyewe alishika mkono wa paroko msaidizi, akauweka juu ya mkate. Halafu akainamisha kichwa. Yule kijana akayasema maneno, na sauti yake ilikatika mara mbili.

Baada ya Misa nilimkuta kijana yule nyuma ya kikanisa, anakunja stola yake na kuikunjua.

"Padri, yale maneno hatukumfanyisha mazoezi," nikamwambia. "Tuliogopa."

"Hamkumfanyisha?"

"Tuliona siyo ya kwetu."

Akaacha kuikunja stola. "Mama, mngeniambia tu, ningekuja mimi. Jioni moja moja. Mimi nilidhani mnafanya yote."

Hatukulifikiria hilo. Watu wote wale, kikao kizima na kinywaji baada ya kikao, na hakuna aliyesema tumwite padri mwenzake.

Tulimwomba Askofu ampe nafasi nyingine. Paroko msaidizi alienda jioni kadhaa akajaribu naye maneno yale, akiyatungia tuni. Daktari alisema inawezekana, na pia inawezekana isiwe, ubongo una mwendo wake. Padri alijaribu wiki ya kwanza. Wiki ya pili akawa anafunga mdomo na kugeukia dirishani. Mguu ulikuwa umeanza kupata nguvu, akawa anatembea na fimbo ya miguu minne hadi mwisho wa korido na kurudi. Kila mtu alisema anaendelea vizuri. Wakampeleka Pasiansi.

Nimekwenda kumwona huko mara nyingi. Nyumba ni safi, ina upepo wa ziwa, na masista wanampikia ndizi kama anavyozipenda. Asubuhi mapadri wazee wanaadhimisha Misa pamoja. Yeye amekaa mwisho wa mstari, stola shingoni. Kwenye Mtakatifu sauti yake inazidi za wenzake wote. Wakifika pale, wote wananyosha mkono na kuyasema maneno kwa pamoja. Na yeye ananyosha, ule wa kushoto. Mdomo haufunguki.

Zamani wakati huo nilikuwa nainamisha kichwa. Siku hizi namwangalia yeye.

Jumuiya yetu inasali Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba. Wenzangu wameshabadilisha nia ya maombi. Wanamwombea Padri apate utulivu, apokee mapenzi ya Mungu, azeeke vizuri. Ni sala nzuri. Mimi zamu yangu ikifika nasema ile ya mwanzo: Mungu amrudishie maneno ya mageuzo, arudi altareni. Wiki iliyopita Mama Mwenyekiti alinivuta pembeni jikoni, tukiwa tunamimina chai.

"Mwenzangu, Mungu si ameshajibu?"

"Mimi sijamsikia."

"Utaumia."

"Nimeshaumia. Lete vikombe."

Akavileta. Tulirudi sebuleni. Zamu ya nia ikanifikia mimi, nikasema ile ile, sikupunguza hata neno. Kiitikio kikachelewa. Halafu mmoja akaanza, kwa sauti ndogo, na wengine wakamfuata bila kupatana vizuri: Ee Bwana, twakuomba utusikie.