Rangi ya Uso wa Wambeti

Kendi alizaliwa Meru, lakini kazi ya kuuza vifaa vya simu ilimleta Embu, akapanga chumba mtaa wa Dallas. Wikendi alirekodi harusi na ubatizo kwa simu yake. Hamu yake ilikuwa moja: mtu akitazama video zake aseme hii ni filamu, asijue imetoka kwenye simu.

Kwaya ya kanisa moja karibu na Karurumo ilimwita kwa sababu ya Wambeti, mama aliyekuwa akiwaanzishia nyimbo tangu ujana wake. Rovu shingoni lilikuwa limeanza kumbana pumzi. Alingoja upasuaji, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Kwaya ilitaka sauti hiyo ibaki mahali.

Kendi aliwarekodi nje, jua likiwa utosini. Halafu akaipaka video rangi aliyoipata mtandaoni, ile inayogeuza vivuli kuwa samawati na ngozi kuwa kama chungwa. Aliiona tamu kweli. Akawapelekea akiwa na furaha zake.

Wambeti aliitazama mpaka mwisho. "Sauti ni yangu," akasema. "Lakini huyu mama, Kendi, simjui."

Kendi akaitazama upya, mara hii kwa macho ya Wambeti. Majoho ya zambarau yalikuwa yamegeuka udongo. Anga ilikuwa imeungua, nyeupe pe. Uso wa mama wa watu ulikuwa jivu upande mmoja, chungwa upande wa pili. Mutegi, mwalimu wa kwaya, alisema iachwe tu, watu wana mashamba ya kupalilia. Kendi alikataa. Aliomba arudie kabla Wambeti hajalazwa, na Wambeti akasema atakuja hata akiwa peke yake.

Tangu siku hiyo, kila mteja alipotoka dukani Kendi alishika simu. Alimkalisha Alice, jirani yake muuza ndizi, kivulini kisha juani, akalinganisha uso wa kwenye kioo cha simu na uso uliokuwa mbele yake. Ndipo akagundua kosa lilianza kabla ya rangi. Simu ilikuwa ikijibadilishia mwangaza kila mtu aliposogea, na palipoungua hapana rangi ya kuokoa. Akajifunza kuufunga mwangaza usibadilike, na kuupunguza kidogo. Akajifunza pia kuanza na ngozi. Uso ukishakuwa sawa, ndipo uguse majani, nguo na vivuli. Alikosea sana. Alice alichoka kukaa, Kendi hakuchoka kumwomba.

Jumamosi asubuhi walifika wote, Mutegi akiwa wa kwanza. Kendi akawapanga kando ya ukuta wa kanisa, mahali jua lilipofika likiwa limepoa. Wambeti akaanzisha wimbo. Katikati pumzi ikamkatika, akashika shingo. Mutegi aliinua mkono kuwanyamazisha wengine, lakini Wambeti akatikisa kichwa, akavuta pumzi, akaudaka wimbo pale ulipomponyoka. Kendi hakuzima simu.

Katika kuitengeneza, hakukata hapo. Alirudisha weusi mtulivu wa ngozi ya Wambeti, akauacha mng'ao mdogo wa jasho kwenye paji la uso, akaipa zambarau uzito wake. Kijani cha migomba nyuma alikipunguza ili kisigombanie macho na nyuso.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti ilirudi nzito, yenye mikwaruzo, na noti za juu zikawa zimekwenda moja kwa moja. Kwaya ilipoonyeshwa video kwenye ukuta wa kanisa, Wambeti alikuwa ameketi mbele, kitambaa shingoni. Watu waligeuka kumwangalia yeye, kisha ukuta, kisha yeye tena. Wimbo ulipofika kiitikio alifungua kinywa, akatafuta noti ya chini aliyoiweza, akaingia nao.