Ng'ombe wa Siku Moja

Nalepo nilimjua kwa ugomvi. Ndiyo kwanza nimefungua mgahawa wangu hapa Kisongo, akaniletea maziwa, nikayachemsha, nikayaonja, nikamwambia, "Dada, maji yenyewe huku ya shida, wewe unayagawa bure kwenye maziwa?"

Akaniangalia. Ni mrefu yule mama, akikuangalia anakuangalia kutoka juu kama twiga. Akachukua kikombe, akachota maziwa yale yale, akanywa mbele ya wateja wangu, akafuta mdomo.

"Kilichochuja ni ulimi wako," akasema, "siyo maziwa."

Wateja walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, na chai yenyewe alikuwa hajalipa. Toka siku hiyo sijanunua maziwa kwa mtu mwingine. Mwenyewe anasema alizaliwa saa ya kukamua, ndiyo maana wakampa hilo jina. Nikamwambia ashukuru Mungu hakuzaliwa saa ya kuogesha mbuzi.

Boma lake liko huko ndani, ukitoka barabarani unatembea mpaka viatu vibadilike rangi. Aliolewa hapo na Lesian, na enzi hizo boma lilikuwa boma. Ukimwuliza walikuwa na ng'ombe wangapi hakwambii, kwao mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Anasema tu, "Walijaa." Halafu ukaja ule ukame. Ng'ombe wakawa wanainuliwa asubuhi, huyu kashika mkia, huyu kashika pembe, na anayeshindwa kusimama ndiyo basi tena. Kwa Lesian likabaki jike moja, nadhani lilibaki kwa ukaidi tu, na vibuzi vichache.

Lesian akaenda Dar kulinda geti la watu. Hiyo kazi vijana wanaikimbilia, lakini yeye hakuwa kijana. Mwanaume mwenye binti sekondari, aliyekuwa akipiga mluzi ng'ombe wote wanageuka, kule anaitwa "we Masai, fungua." Nalepo akabaki. Akaanza kuzunguka kwa kina mama wa maboma ya jirani ananunua maziwa yao, anayapeleka mjini na mengine ananiletea mimi. Biashara nzuri, ila jua halina undugu. Maziwa ya jioni hayalali. Unayachukua mazima, asubuhi ukiyabandika jikoni yanakatika, unabaki na maji ya njano na aibu.

Sasa kuna shirika moja la mjini likaja kutangaza kanisani, baada ya ibada. Ruzuku. Siyo mkopo, ruzuku, hairudishwi. Mzee mmoja aliuliza mara tatu kama kweli hairudishwi, na alipohakikishiwa akasema basi hapo kuna kitu. Ilikuwa ya kina mama wenye biashara ndogo, kwenye familia ambazo ukame umezimalizia mifugo. Nikamwambia Nalepo, wewe hiyo imeshonwa kwa vipimo vyako, omba tanki la kupoozea maziwa.

Maombi yalijazwa hapa hapa kwangu, meza ile ya dirishani. Aliyejaza ni afisa wao, Hafidha, binti wa Ngarenaro kule mjini, mpole, ana adabu, na chapati zangu alizisifia, kwa hiyo sina baya juu yake.

"Mama, ng'ombe mlionao sasa ni wangapi?"

"Huyo mmoja."

"Na kabla ya ukame?"

"Walijaa."

"Walijaa wangapi, mama?"

"Walijaa boma."

Hafidha akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Andika wengi, mwanangu. Ukingoja namba hapa utaolewa hapa hapa."

Usiku huo Nalepo akampigia mumewe. Lesian akasema, "Ukipata hilo tanki, mimi narudi. Nitakuwa nazungukia maziwa mabomani kwa pikipiki, wewe ukae upime." Hayo maneno Nalepo alinisimulia sijui mara ngapi, na kila akisimulia ile pikipiki inabadilika rangi. Mara nyekundu, mara bluu. Nikawa namtania, "Na mimi nitapanda wapi?" Ananijibu, "Wewe utakimbia nyuma, unahitaji kupungua." Nilikuwa sijawahi kumwona anataka kitu kwa sauti. Siyo tanki alilokuwa anataka, tusidanganyane. Alikuwa anamtaka mtu wake alale nyumbani.

Wakamchagua awe wa kukaguliwa nyumbani. Wakasema mume lazima awepo, kwa sababu tanki litajengewa kibanda kwenye ardhi ya familia, kwa hiyo mwenyewe atamke kwamba amekubali. Lesian akaomba ruhusa kazini, akaja. Nalepo akasiliba nyumba upya, akanyoa, akavaa shanga zake za harusi. Nikamwambia mbona unajiandaa kama unaolewa tena. Akacheka, yule mama ambaye huwa hacheki.

Siku yenyewe na mimi nikaitwa, niseme kwamba ndiye mteja. Nikafunga mgahawa, nikajikokota. Kabla sijafika nasikia njuga, nasikia ng'ombe wanalia. Nikadhani nimepotea njia. Nachungulia getini, boma limejaa! Madume, majike, ndama, vumbi mpaka juu. Na hapo mlangoni kaegemea fimbo Lemomo, mtu wa rika moja na Lesian, anatabasamu kama amejifungua yeye.

"Lemomo, hawa wametoka wapi?"

"Kwangu. Na wengine kwa shemeji. Mwenzetu anapokea wageni, Mama Derick. Utamwacha mtu wa rika lako akae na wageni anafukuza nzi?"

Usije ukadhani ni matapeli. Kwao boma likiwa tupu mbele ya mgeni mkubwa, aibu siyo ya mwenye boma peke yake, ni ya rika zima. Ni kama sisi tunavyoazima viti na vikombe kwa jirani siku ya posa. Nani amewahi kuja kwenye posa akauliza viti ni vya nani?

Nikamfuata Nalepo jikoni mbio.

"Nalepo, hawa wageni wanatafuta waliofilisika!"

"Najua."

"Sasa mwambie mumeo awarudishe, gari halijafika!"

"Umemwona?"

Nikachungulia. Lesian alikuwa kafika juzi na viatu vyake vya ulinzi, anatembea kando kando ya ukuta kama mtu anayeogopa kuulizwa anakwenda kwa nani. Sasa alikuwa na shuka mpya, kasimama katikati ya wale ng'ombe, mkono juu ya mgongo wa dume moja jeusi, anaongea nalo kwa Kimasai. Dume halikuwa linamjua hata kidogo, lilikuwa linatafuna tu. Lakini yeye alikuwa anaongea nalo.

"Toka ukame sijamwona amesimama hivyo," Nalepo akasema. "Haya, niambie wewe. Nimwendee nimwambie nini?"

Mimi mdomo wangu unajulikana mpaka mnadani. Nikaanza kupanga vikombe vya wageni.

Gari likaja. Hafidha akashuka, na bwana mmoja wa kamati mwenye kofia kubwa ya kitalii, na hata jua lenyewe lilikuwa limejificha. Hafidha akaona wale ng'ombe, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, karibuni sana, hapa ni kwenu," akasema Lesian, sauti imejaa.

Walizungushwa. Walioneshwa mahali pa kibanda, Lesian akatamka amekubali, vizuri kabisa. Katikati ya mambo jike moja likakumbuka kwao, likageuka, likatoka getini taratibu bila kuaga. Yule bwana wa kofia akauliza, "Huyo anakwenda wapi?"

Lemomo akadakia, "Huyo ana tabia ya matembezi."

Ningekuwa mahali pengine ningecheka mpaka nilie. Pale nilibana midomo tu.

Ndipo Hafidha akauliza, kwa upole, kama mtu anayekanyaga mayai, "Baba, samahani. Ng'ombe wote hawa ni wa hapa?"

Lesian akamwangalia Lemomo. Akamwangalia yule bwana wa kofia, aliyekuwa rika la mabosi wake wa kule Dar. Akanyoosha shuka begani.

"Wangu."

Hafidha akafungua makaratasi yake. "Mama Nalepo, kwenye maombi ulisema mmoja."

Hapo palikuwa na njia mbili tu: mume awe mwongo, au mke. Nalepo aliinamisha kichwa. Yule twiga wangu, aliyeninyamazisha mimi mbele ya wateja, aliinamisha kichwa, akasema:

"Labda nilisema vibaya, mwanangu. Kiswahili changu ni kidogo."

Kiswahili kidogo! Mwanamke anayewapunguzisha bei wachuuzi wa mjini mpaka wanaomba radhi!

Hafidha hakuandika papo hapo. Akamngoja. "Huna la kuongeza, mama?"

"Karibuni chai," akasema Nalepo.

Jioni Lemomo akawaswaga ng'ombe wake kwenda kwao. Lesian alisimama getini akiwatazama mpaka vumbi likatulia, halafu akaingia ndani, akasema wageni wamefurahi, umeona walivyofurahi? Nalepo akamwambia nimeona.

Simu ilipigwa Nalepo akiwa kwangu, analeta maziwa. Akaweka sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni ilishakufa. Alikuwa Hafidha. Akasalimia vizuri, akazunguka kidogo, akasema kamati imeona hali ya familia siyo mbaya kama ilivyoelezwa, na kuna wenye shida zaidi. Halafu akashusha sauti. "Mama, bado hawajafunga majina. Kama kuna kitu siku ile hukuweza kusema, niambie mimi sasa hivi."

Nikamfinya mkono. Nilimfinya kweli, alama ilibaki.

"Mume wangu alishasema," Nalepo akajibu. "Asante, mwanangu. Salimia nyumbani." Akakata.

Nikamwakia. "Umerogwa? Amekupa mlango, umeufunga mwenyewe!"

"Nikisema, wataandika Lesian ni mwongo. Jina lake litakaa ofisini kwao na huo uongo."

"Jina! Jina litapoozesha maziwa?"

"Mama Derick," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo, "kule Dar hana jina. Nimnyang'anye na la huku?"

Nyumbani akamwambia mumewe fedha za wafadhili zimeisha kabla ya kufika jina lao. Lesian akakaa siku chache, akarekebisha uzio, akaenda kumwona binti yake Silantoi shuleni. Kisha ruhusa yake ikaisha.

Walipita hapa kwangu siku ya safari, kungoja gari la mjini. Niliwapa chai. Lesian alikuwa kashavaa vile viatu, anakunywa huku kageuza shingo, anachungulia barabara.

"Mama Derick," akaniuliza, "wewe unakaa na watu wengi. Hawa wenye ruzuku hasa huwa wanaangalia nini?"

Nalepo alikuwa kashika begi lake. Hakunitazama. Nikasema, "Shemeji, hao hawaeleweki."

"Mimi nadhani hatukuwaridhisha," akasema. "Walituona wadogo. Mwaka ujao nitakuja mapema. Nitamwambia Lemomo alete na wale wa kaka yake, wajaze mpaka nje ya uzio. Hapo hawatakataa."

"Sawa, Baba Silantoi," Nalepo akasema.

Gari likaja, akapanda. Nalepo akabaki amesimama pale barabarani hata baada ya gari kukunja. Nikamwacha.

Lesian hajarudi. Anapiga simu siku za Jumapili, anauliza kama wale watu wametangaza tena. Na kweli wametangaza. Juzi Hafidha alipita hapa, akala chapati, akasema maombi yamefunguliwa, mwambie mama Nalepo ajaribu, nitamsaidia. Nikamwambia Nalepo alipokuja.

"Wanataka mume awepo?" akauliza.

"Lazima. Ardhi ni ya familia."

Akamimina maziwa kwenye sufuria yangu, polepole.

"Basi wawape wengine."

"Nalepo, acha ukaidi. Mpigie mwenzio, mweleze ukweli, aje bila ng'ombe wa mtu. Ni simu moja tu."

"Nimweleze kwamba aliyetukosesha ni yeye?"

Nikachukua mwiko, nikaanza kukoroga maziwa ambayo sijayabandika hata jikoni. Nalepo akafunika ndoo yake, akasema anawahi, kina mama wanamngoja na maziwa ya jioni, na leo jua lilikuwa kali.