Sahani ya Bati Yenye Ukingo wa Buluu

Jikoni kwa mzee Muhuri kulikuwa na miiko miwili. Mmoja ulifungwa uzi mwekundu kwenye mpini, mwingine haukufungwa kitu. Wa uzi ulikuwa wake mwenyewe, wa maharage, kabichi na dengu. Ule mwingine ulikuwa wa mkewe, wa nyama. Kwa miaka kumi na mmoja miiko hiyo haikuwahi kukosea sufuria, na mgeni angeweza kudhani hiyo ni nyumba yenye mpango mzuri.

Kulikuwa pia na vibao viwili vya kukatia, visu viwili, na sahani mbili za plastiki, za aina hii ya siku hizi ambayo ukiiangusha haivunjiki na ukiitazama haikukumbushi kitu. Juu ya kabati, chini ya gazeti lililogeuka manjano, ilikaa sahani ya tatu: pana, ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Mama mkwe wake ndiye aliyewapa siku ya harusi. Alimshikisha bibi arusi upande mmoja na bwana arusi upande wa pili, akasema, "Hii ni ya watu wawili. Siku mtakayoona haiwatoshi, msinunue nyingine. Sogeeni."

Walisogea kwa miaka ishirini na sita.

Jina la Muhuri alilipata machinjioni. Alikuwa mkaguzi wa nyama tangu enzi ambazo kazi ilikuwa kazi na mtu hakuona haya kuitwa kwa kazi yake. Ng'ombe walikuwa thelathini kwa siku, na wakaguzi wawili. Kila mnyama alipasuliwa tezi za shingo, akapapaswa mapafu, akafunuliwa ini kama kitabu. Mwisho Muhuri alichanja msuli wa paja, akaubonyeza kwa kidole gumba na kuugeuzia kwenye mwanga, akitafuta vile vipunje vyeupe vinavyofanana na mchele. Asipoviona, ndipo alipogonga muhuri wake wa wino wa zambarau. Asiporidhika hakugonga, hata mwenye ng'ombe alie machozi. Rafiki yake mchinjaji, ambaye wote walimwita Kisu, alikuwa akimtania: "Wewe hata ukiletewa malaika umkague, utamkuta na minyoo."

Mkewe alikuwa binti wa muuza nyama, na nyama aliijua kama mtoto anavyojua ziwa la mama. Alikuwa na ustadi wa kula mfupa ambao watu walinyamaza kuutazama. Aliushika mfupa wa goti, akaugonga mara tatu kwenye ukingo wa sahani, uboho ukateleza wote bila kukatika. Upande wake wa sahani ukingo wa buluu ulibanduka mahali pamoja kwa kugongwa huko. Muhuri alimwita Uboho. Waliokuwa jirani walidhani ni tusi. Mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake.

Kisha dunia ikashikwa na haraka. Machinjio ya zamani yalibomolewa, yakajengwa mengine yenye kulabu zinazotembea juu ya mnyororo, na ng'ombe mia mbili walipaswa kuwa wamepita kabla ya saa nne asubuhi. Wanyama waliletwa na malori kutoka mbali, wamekauka kwa kiu, macho yametumbukia. Mkaguzi alipewa nusu dakika kwa kila mmoja. Muhuri alipolalamika, meneja, kijana mwenye tai, alimwambia, "Mzee, ng'ombe ameshakufa. Unamtafutia ugonjwa wa nini?" Watu walicheka. Kisu naye alicheka, na hilo Muhuri hakulisahau.

Akaanza kugonga muhuri juu ya nyama asiyoiona. Na mtu akishazoea kugonga muhuri juu ya asichokiona, mwisho haamini muhuri wowote, hata wake.

Kazi aliyonyimwa machinjioni, mikono yake ikaanza kuifanya nyumbani. Wakiwa wameinamia sahani yao ya bati, vidole vyake viliokota kipande, vikakipasua kufuata nyuzi zake, vikakibonyeza, vikakigeuzia dirishani, kisha vikakirudisha. Halafu kingine. Mkewe alivumilia mwezi wa kwanza, akavumilia wa pili.

"Baba," akasema siku moja, "hiyo nyama nimeiosha, nimeipika saa mbili nzima. Unatafuta nini humo?"

"Mazoea tu, mama."

"Mazoea ya wapi? Hapa si machinjioni. Yaani mimi nakaguliwa kwenye sahani yangu mwenyewe?"

Kesho yake Muhuri alitangaza kwamba nyama basi, hali tena. Alidhani amemwondolea mkewe kero. Angeweza kuvizuia vidole vyake, akaona ni rahisi zaidi kuizuia nyama. Hapo ndipo alipokosea, na ilimchukua miaka kumi na mmoja kulijua hilo.

Si kwamba alikuwa mshika sheria. Mayai alikula. Na akiwa ugenini, kwenye harusi au msiba, wali ukimwagiwa mchuzi wa nyama, alikula bila kuutazama, kwa adabu, kama wazee walivyomfundisha kwamba chakula cha watu hakisemwi. Binti yao, asiyejua kufunga mdomo, ndiye aliyemwambia mama yake. Likamkaa mwanamke rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

"Kwa watu mchuzi unashuka," alimwambia. "Kwangu unakwama."

"Kwa watu ni heshima tu, mke wangu."

"Na kwangu ni nini?"

Jioni hiyo hiyo mwanamke alifunga uzi mwekundu kwenye mwiko mmoja, akautundika msumari wake peke yake. Baada ya miiko zikaja sufuria, baada ya sufuria sahani za plastiki, na baada ya sahani saa. Muhuri alikula adhuhuri, peke yake, uso dirishani. Mkewe alikula baadaye, na redio. Jina la Uboho likafa lenyewe. Mtu asiyekula nyama angeliita vipi? Hawakugombana. Watu wa zamani waligombana, wakapatanishwa, wakala pamoja. Hawa wawili walifanya kama wanavyofanya watu wa sasa: waliheshimiana mpaka wakapotezana. Kwa binti yao kulikuwa na meza ya watu sita, na kila mmoja alitafuna akitazama simu kiganjani, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye zizi lake. Muhuri alipowaona mara ya kwanza alitaka kuwacheka. Akakumbuka kwake, akainama kwenye dengu zake.

Kisha figo za mkewe zikaanza kugoma. Daktari akasema nyama basi, chumvi basi. Muhuri, na hili hakumwambia mtu, alifurahi kidogo. Sasa kutakuwa na sufuria moja, aliwaza. Siku hiyo alipika dengu kwa mwiko wa uzi, akapanda kiti, akaishusha sahani ya bati, akaifuta vumbi, akapakua kwa wawili.

Mkewe aliitazama sahani, akamtazama yeye. "Kumbe ulikuwa unangoja niugue ndipo unikaribishe?"

"Si hivyo, mama..."

"Irudishe ilikokuwa."

Kwa miaka miwili alikula maharage na kabichi za mumewe kwenye plastiki yake, kimya, kama mtu anayemeza vidonge. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamfika kwenye kiwiko. Halafu asubuhi moja daktari alimvuta Muhuri kwenye ukumbi wa hospitali, akamwambia kwa upole, "Mzee, sasa mpeni chochote ambacho roho yake inapenda."

Muhuri aliyajua maneno hayo. Kazini kwake kulikuwa na nyama isiyogongwa muhuri. Mkaguzi haongezi neno. Hufuta kisu chake, akapita.

Alirudi wodini, akakaa kando ya kitanda. Akili yake ilikuwa kwenye jambo moja tu: kwamba mwanamke huyu asiondoke hali wana sahani mbili.

"Unatamani nini?" akamuuliza.

"Nyama." Hakufikiri hata kidogo.

"Nyama gani?"

"Ya goti, na mfupa wake. Mchuzi mwepesi. Na chumvi uweke kama watu, usinipikie kama mgonjwa."

"Nitapika. Na nitakula na wewe. Sahani moja."

"Wanasema mla nawe hafi nawe," akasema mwanamke. "Sawa. Lakini angalau awe amekula."

Siku walipomrudisha nyumbani, Muhuri alitoka kutafuta nyama, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Duka la baba mkwe wake lilikuwa limegeuka duka la vifaa vya simu. Nyama sasa iliuzwa kwenye duka lenye kioo na baridi, imelazwa kwenye visahani vyepesi, imebanwa na nailoni, haina harufu, haina inzi, haina upande wa mbele wala wa nyuma. Msichana wa kuuza alivaa glavu.

"Nataka goti zima, binti yangu. Lisikatwe kwa msumeno, uboho utajaa unga wa mfupa."

"Babu, hapa kila kitu kinakatwa kwa msumeno. Chukua pakiti hii, nzuri."

"Nani ameikagua?"

Msichana aligeuza pakiti. "Imekaguliwa. Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa. Nauliza nani?"

"Eh, babu! Unataka kumwoa?"

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Alizunguka maduka manne mpaka akapata mfupa mmoja mzima, nyuma ya soko, kwa mzee aliyekuwa bado anatumia shoka. Mzee yule aliuweka kwenye gazeti, akauliza, "Una wageni?" Muhuri akasema ndiyo.

Alipika kuanzia asubuhi. Alitumia mwiko usio na uzi, na aliushika kwa woga, kama mtu aliyeshika chombo cha jirani. Ilipofika saa nane mchana alimwegemeza mkewe kwenye mito, jua likiingia dirishani mpaka magotini pake, akaiweka sahani ya bati kati yao. Ule ukingo uliobanduka aliuelekeza upande wa mkewe.

Kule njiani alikuwa amejifundisha: ale kama anavyokula msibani, bila kuangalia. Alichukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Macho yalimtoka.

"Imeshuka?" mkewe akauliza.

"Imeshuka."

"Haikukung'ata?"

Akacheka, mwanamke yule, kicheko chembamba kilichomalizikia kwenye kikohozi. Muhuri hakuwa amekisikia kwa muda mrefu hata akakiogopa. Mkewe aliushika mfupa, lakini mkono haukuwa na nguvu ya kuugonga. Muhuri alimshika kifundo, wakaugonga pamoja pale pale palipobanduka. Mara tatu. Uboho ukateleza wote.

"Uboho wangu," Muhuri akasema.

Mwanamke alilamba kidogo, akafumba macho. "Ladha siisikii," akasema. "Lakini naikumbuka. Nipe na ile laini, pale pembeni."

Muhuri aliokota kipande. Alikuwa anamtazama yeye, anatazama jinsi midomo yake ilivyong'aa mafuta, na alikuwa na furaha ambayo haikustahili umri wake. Kidole gumba hakikuwa na habari na furaha hiyo. Kilikipasua kipande kufuata nyuzi zake, kikakibonyeza, kikakigeuzia dirishani.

Alipogundua, mkono wa mkewe ulikuwa umesharudi chini ya shuka.

"Umeona nini?" akamuuliza.

"Sijaona kitu. Wallahi sijaona kitu."

"Basi gonga muhuri."

"Mama, ni mkono tu. Mimi mwenyewe sikuwa..."

"Najua ni mkono." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ndio mkono wako. Sina mwingine ninaoujua. Niletee sahani yangu."

"Ile ya plastiki?"

"Yangu."

Alimletea. Alimgawia nyama kidogo na mchuzi, akamwekea kijiko. Mwanamke aliishika sahani mapajani kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa ugenini, akasema ahsante, na hakula. Kwenye sahani ya bati mafuta yaliganda pole pole, yakawa meupe kama bati lenyewe. Muhuri alikaa upande wake. Nafasi ilikuwa tele. Hapakuwa na haja ya kusogea.

Siku ya tisa mkewe alifariki.

Watu walikuja wengi, maana alikuwa mtu wa watu. Binti yao aliagiza chakula kwa wapishi wa kulipwa, kikaja na gari, na kila mmoja alipewa sahani yake ya karatasi, ya kutupwa. Mtu mmoja, hakujua nani, alimwekea mzee Muhuri sahani magotini, akamnyunyizia wali wake mchuzi wa nyama. "Kula, mzee, usijiachie," akamwambia.

Aliula bila kuutazama. Ukashuka.