Barafu ya Mwalimu Kamanthe

Mwalimu Kamanthe alisema uongo mmoja tu wa maana maishani mwake, lakini aliuchagulia mahali pa juu sana. Ilikuwa mwaka wa 1983, darasa la tano, katika shule ya msingi kule Kalama. Alikuwa amechora Mlima Kenya ubaoni na vilele vyake vitatu, chaki ingali mkononi, ndipo mtoto wa dawati la nyuma akauliza kama Mwalimu amewahi kufika huko. Sasa mtu aliyeuchora mlima ule kwa miaka kumi atawaambiaje watoto hamsini kwamba naye anauona kwa mbali tu kama wao, asubuhi za Januari hewa ikitakata? Akasema amefika. Mtoto, badala ya kutosheka, akauliza barafu ya huko ina ladha gani. Barafu pekee aliyowahi kuionja Kamanthe ilitoka kwenye friza ya duka la samaki mjini Machakos. Akajibu kwamba ina chumvi kidogo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kamanthe ilikwenda miaka kumi na sita. Kila darasa la tano lililofuata lilikuja limekwisha kuambiwa na lililotangulia, likataka kusikia habari za barafu ya chumvi. Ilipofika 1999 alikuwa anatimiza miaka hamsini na mitano, na Desemba angestaafu. Angepewa saa ya ukutani na hotuba, na katika hotuba hiyo, alijua kama anavyojua jina lake, mtu angeutaja mlima. Jambo hilo lilimkosesha raha hata chai ikawa haipiti. Akaapa kimoyomoyo kwamba kabla ya siku hiyo atakuwa ameupanda kweli, hata kwa kutambaa.

Angekwenda kimyakimya peke yake, mambo yakaishia hapo. Lakini alipoandika barua kuulizia, alijibiwa kwamba mtu mmoja haruhusiwi kupita geti la hifadhi ya mlima, lazima awe na wenzake. Ikambidi atangaze kanisani kwamba anayetaka kupanda Mlima Kenya mwezi wa nane amwone baada ya ibada.

Walikuja watu ishirini na watatu. Kumi walidhani ni safari ya maombi. Wengine walidhani kuna chakula cha msaada huko mwisho wa njia, na mmoja aliuliza kama kuna posho ya kutembea. Walipoelezwa kwamba mtu anapanda, anaona baridi, halafu anashuka, wengi walimtazama Mwalimu kwa huruma wakaenda zao. Alibaki Mbula, fundi wa cherehani, jirani aliyeolewa Kalama miaka mingi nyuma, tena mwanamke asiyeogopa kitu. Akabaki Kitheka, fundi wa baiskeli, kijana mpole aliyesomeshwa na Kamanthe mwenyewe. Na akabaki Mzee Nzomo, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu pale kwetu, kuanzia bomba la maji hadi kwaya asiyoiimbia. Sisi watu wa Machakos ukituambia unataka kuvuka barabara tutakuundia kamati. Nzomo akachaguliwa mwenyekiti wa mlima kabla hajaulizwa kama magoti yake yanafanya kazi.

Shida ilianza kwenye mkutano wa kwanza, walipofikia suala la kutafuta mtu anayeijua njia. Mbula alishangaa kwa nini watu wahangaike wakati wako na Mwalimu aliyefika huko zamani. Wote wakapiga makofi. Kamanthe akafungua kinywa, akakifunga, akaandikwa kiongozi wa safari. Tangu hapo maswali yakawa hayaishi. Kuna chui? Choo kiko wapi? Usingizi unakuja? Alijibu kwa kitabu cha jiografia, na kitabu kilipoishia akaendelea kwa kichwa chake mwenyewe. Ukishayavulia maji nguo huna budi kuyaoga.

Kamati ikaamua kufanya mazoezi. Jumamosi moja wakatembea kutoka Kalama hadi Muthetheni, mizigo mgongoni, mmoja nyuma ya mwingine. Kila walipopita, watu waliacha majembe wakauliza nani amekufa. Kwetu, watu wazima hawatembei kwa msururu na mizigo ila kuna msiba. Kitheka alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba wanafanya mazoezi. Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaingia jikoni, akatoka na kilo mbili za sukari za rambirambi. Mzee Nzomo akazipokea kwa niaba ya wafiwa, akashukuru kwa maneno mazuri. Jioni walizinywea chai, ila Kamanthe ndiye hakuongeza kikombe cha pili.

Mkutano wa nne ulikuwa wa chakula, na siku hiyo Mbula alikuja na mwanachama mpya. Huyu alikuwa Gatimu, muuza viazi sokoni Machakos, mzaliwa wa Naro Moru, chini ya mlima wenyewe, mtu wa maneno machache. Nzomo alitoa hoja kwamba waende na muthokoi, mahindi yale yaliyotwangwa yakatoka maganda, pamoja na maharagwe, kwa kuwa ukila hicho asubuhi huulizi tena chakula mpaka kesho yake. Akamgeukia kiongozi. Kamanthe akasema hata yeye alikula muthokoi kule juu, tena uliiva vizuri kabisa. Gatimu akamtazama kwa muda, kisha akainamisha macho akaanza kukwangua matope kwenye kiatu chake.

Jumatatu yake Gatimu alifika shuleni na mfuko wa viazi ambao hakuna aliyeuagiza. Alimngoja Mwalimu chini ya upenu wa ofisi mpaka walimu wengine wakaingia madarasani.

"Mwalimu, mimi nilibeba mizigo ya watalii huko miaka sita," alisema. "Huko juu maharagwe haiivi. Maji inachemka haraka lakini moto yake ni kidogo. Unapika kutoka asubuhi mpaka jioni na bado unatafuna mawe. Mtu akifika huko hata mara moja, hiyo hasahau."

Kamanthe akaupokea mfuko wa viazi kwa mikono miwili.

"Sitaki kukuaibisha," Gatimu akaongeza. "Lakini hawa watu wanakufuata wewe. Na huo mlima unaua."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Mpaka hapo alikuwa ameona ni aibu yake peke yake. Sasa alimwona Mbula, na sweta yake ya kwaya, akimfuata kwenye ukungu mtu asiyejua kulia wala kushoto. Njia zilikuwa mbili, kusema kweli au kuugua. Sitamsingizia ushujaa: alianza na kuugua. Alhamisi goti lilianza kumsumbua. Ijumaa akawa anachechemea waziwazi, na kwa kuwa hakuwa amezoea, mara mbili alichechemea kwa mguu usiohusika.

Jumamosi aliingia mkutanoni hivyohivyo. Mzee Nzomo, ambaye kwa siri alikuwa akiuogopa mlima kuliko wote, aliliona goti kwa furaha kubwa. Akapendekeza safari iahirishwe mpaka Mwalimu apone, hata kama ni mwakani, kwa kuwa yeye alikwisha kufika na mlima haukimbii. Hapo Kamanthe akaiona ile saa ya ukutani na ile hotuba. Akasimama kwa miguu yote miwili.

"Goti langu halina kitu," alisema. "Mlima Kenya sijawahi kufika. Hata getini."

Mzee Nzomo akakohoa, akauliza kama hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Na ile chumvi?" Mbula aliuliza. Watoto wake wote wawili walikuwa wamekuja nayo nyumbani.

"Ilikuwa ya samaki," alisema Kamanthe.

Ndipo Kitheka, ambaye tangu mkutano wa kwanza hakuwa amesema zaidi ya sentensi tatu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mwalimu, mimi ndiye niliuliza hiyo swali," alisema. "Nilijua siku hiyo hiyo, kwa sababu ulijibu ukiangalia dirisha. Lakini nilienda nikaambia wenzangu ni ukweli kabisa, ndio wasikucheke. Ulipotangaza kanisani nikajua unaenda kuimaliza hiyo uongo. Nikasema sitakuacha uende peke yako."

Kamanthe aliketi, akajifunika uso kwa leso, akalia mbele ya kamati nzima bila kujali. Mbula, aliyekuwa amejiandaa kukasirika, akajikuta anamfuta.

Mwezi wa nane walikwenda wanne, Gatimu akiwa mbele. Mwenyekiti alibaki kusubiri ripoti. Mbula hakukubali kufundishwa chakula na muuza viazi, kwa hiyo alificha muthokoi na maharagwe kwenye nguo zake. Kwenye kambi ya juu akawasha stovu ya mafuta ya taa, akachochea kwa muda wa saa tano, huku Gatimu amekaa kando anamenya viazi bila kusema neno. Kamanthe alikula sahani nzima ya mawe yale, akitafuna polepole kama anayelipa kosa. Kesho yake, wakiwa wamebakiza kama saa moja kufika Lenana, kimoja cha vile vilele vitatu, pumzi ilimwishia, kichwa kikamgonga, na Gatimu akaamua warudi. Kabla ya kugeuka aliinama kwenye dimbwi lililoganda, akavunja kipande, akakitia kinywani.

Shule zilipofunguliwa Septemba aliingia darasa la tano, akachora mlima. Akawaambia watoto kwamba amekuwa akiwadanganya, wao na kaka zao na dada zao, na kwamba barafu haina chumvi. Haina ladha yoyote, ila meno yanauma. Kisha msichana wa dawati la mbele akainua mkono, akauliza kama safari hii Mwalimu amefika kweli kileleni.

Kamanthe hakutazama dirisha.

"Hapana," alisema. "Nilifika mahali muthokoi hauivi."