Tairi la Spea na Viatu vya Idi

Jumamosi iliyopita, kwa fundi wa pancha kule Mishomoroni, bwana mmoja mwenye kanzu alikuwa akilisifia tairi lake la spea. Garini mlikuwa na masinia ya biriani ya harusi ya Kiembeni, na foleni ya pancha ilikuwa ndefu.

"Nifungie hili twende. Tangu ninunue gari, wallahi halijagusa lami!"

Mkewe alishuka, akainama, akalibonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Mpira ukaonyesha nyufa.

"Hebu nikuulize, baba watoto. Vile viatu ulivyoviweka kabatini Idi baada ya Idi, siku ulipovivaa, soli zilibandukia wapi?"

Bwana akaitazama miguu yake. "Mlangoni mwa msikiti."

"Na vilikuwa vipya?"

"Vipya kabisa." Akacheka mpaka akashika tumbo. "Fundi, liweke kando hili. Ziba lenye pancha, tutangoja."

Nimewasikia wataalamu redioni wakisema mpira huzeeka hata usipotumika, nikaitikia kwa kichwa na kusahau. Bibi huyu aliuliza habari za viatu tu.

Walipoondoka, mimi niliyekuja kutia upepo tu nikafungua nyuma ya gari langu, nikainama, kidole gumba tayari.